Mtama wa Nicodemus

Nilipoona mtama nilisimamisha gari. Ilikuwa Oktoba, mwaka wangu wa pili Kansas, na barabara kuu namba 24 ilikuwa imeshaniingiza kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo. Mashuke mekundu yalitanda hadi upeo wa macho, mafupi kuliko ya kwetu Dodoma. Nilifikicha shuke moja kiganjani, nikapuliza makapi, nikatafuna. Ladha ileile.

Nilikuwa nakwenda kijiji cha Nicodemus. Septemba 1877 watu weusi wapatao 300, wengi wao waliozaliwa utumwani, walitoka Kentucky kwa treni hadi Ellis, kisha wakatembea zaidi ya kilometa 50 kuifuata ardhi waliyoahidiwa. Walikuta nyasi na upepo. Miti ya kujengea hakuna, ila michache kandokando ya mto Solomon. Basi wakachimba, wakaishi ardhini chini ya mapaa ya udongo. Willianna Hickman alipofika 1878, mumewe alimwonyesha kijiji. Yeye akaona moshi tu ukitoka ardhini. Akalia.

Kisa hicho nilisimuliwa na mama mmoja mzee kwenye ukumbi wa mawe ya chokaa. Nikamweleza tembe la bibi yangu: nguzo, boriti, fito, nyasi, juu kabisa udongo. Nikamwambia jinsi mvua ikinyesha siku mbili mfululizo matone ya tope yanavyoanza kudondoka, bibi akihamisha beseni kitandani.

"Na nyoka?" akauliza.

"Na nyoka pia, mama."

Akacheka, akanivutia kiti.

Njaa na baridi wahamiaji wale walivivumilia. Tena inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya kwanza Waosage, Wahindi Wekundu waliokuwa wakitoka kuwinda, waliwagawia nyama. Kilichoniuma ni reli. Walijenga makanisa, shule, hoteli, wakaisubiri. Mwaka 1888 ikapita kusini, ng'ambo ya mto, na wenye maduka wakahamia mji jirani wa Bogue. Wengine walibaki wakilima. Majengo matano ya zamani yamesimama hadi leo, na kila mwisho wa Julai wajukuu waliotawanyika hurudi nyumbani.

Punje zilikuwa bado mfukoni. Nikazimwaga mezani, nikasema kwetu huu ni uji na ugali. Akasema hapo huliwa na ng'ombe. Akachukua punje moja, akaitafuna polepole, akachukua nyingine.