Barnaba Alikwenda Mwenyewe

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimeishi na mstari mmoja tu: "akatoka akaenda Tarso kumtafuta Sauli" (Matendo 11:25). Huwa tunaupita mbio kuuwahi ule unaofuata, wa wanafunzi kuitwa Wakristo kwa mara ya kwanza pale Antiokia. Mimi nimekwama hapa, na nitawaeleza kwa nini.

Mwalimu kijana wa idara yetu ya hisabati alinijia saa ya chai akaniambia, "Mwalimu, natafuta upenyo nitoke." Nikamwuliza atoke aende wapi. Hajui bado, popote pasipo na ubao. Ana kidato cha pili chenye watoto zaidi ya tisini katika chumba kimoja, na wengi wao hawawezi kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanaiimba kama pambio, lakini ukiwapa mabano mawili tu wanakutazama. "Wale wameshindikana, mwalimu. Nafundisha waliobaki." Ni kijana mwema, anaimba kwaya, anafika shuleni kabla ya kengele. Hakusema kwa dharau, amechoka tu. Na mimi ambaye kustaafu kumekaribia, nimekuwa nikimwuliza Mungu usiku: hawa nawaachia nani? Kijana kama huyu akiondoka, nani ataishika chaki?

Ndipo nikarudi kwa Barnaba.

Kumbukeni jinsi Sauli alivyofika Tarso. Alipokuja Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi wote walimwogopa, hawakusadiki kwamba ni mwenzao. Barnaba peke yake akamtwaa, akampeleka kwa mitume. Halafu fujo ikazuka, watu wakataka kumwua, na ndugu wakamsindikiza hadi Kaisaria, akapelekwa kwao. Mstari unaofuata unasema, "Basi kanisa likapata raha." Nimeusoma huo mara nyingi wiki hii. Kanisa likapata raha, na Sauli yuko kwao Tarso. Hatusomi kwamba yupo aliyetuma salamu. Miaka ikapita. Kazi ilipokua Antiokia, Barnaba hakuomba aletewe mtu aliye tayari, wala hakutuma ujumbe. Alitoka mwenyewe akaenda kumtafuta mtu ambaye kanisa lilikuwa limekwisha kuzoea kuishi bila yeye. Sauli huyo ndiye Paulo, na nyaraka zake zote tunazosoma leo zimeandikwa baada ya safari ile.

Sasa niwape ushuhuda wangu, maana neno "wameshindikana" limenigusa mahali pa ndani.

Nilizaliwa Rungwe, upande wa migomba na chai. Nilianza shule enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto wa kijiji kizima walipoandikishwa na walimu hawakutosha. Baba alipofariki nikaacha shule, nikawa nachuma chai pamoja na mama. Kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa nimekwisha kuandikwa mtoro, na nadhani shule ilikuwa imepata raha pia, maana tulikuwa wengi kuliko madawati.

Mwalimu wangu wa hesabu alikuja nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia darasa la saba, akachukuliwa kwenye mafunzo ya ualimu ya UPE: mchana anafundisha, jioni anajisomea masomo ya posta na ya redio, na mratibu anapita kwa baiskeli kumkagua. Alipanda mlima wetu kwenye mvua ile ya Tukuyu, akamsalimia mama, akasema, "Mama, nimemfuata mwanafunzi wangu." Mama akamjibu, "Mwalimu, huyu sasa ndiye baba wa hapa." Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitamfundisha baba wa hapa. Aje saa kumi, majani yakishapelekwa kituoni."

Hivyo ndivyo nilivyorudi. Saa kumi, wenzangu wakiwa wanatoka, mimi naingia. Hakuna aliyemlipa kwa saa ile.

Na alifundisha, wapendwa. Mwaka ule tulikuwa tunajenga darasa kwa nguvu zetu, mawe tunabeba wenyewe. Mwalimu akachukua kamba ya katani, akaifunga mafundo kumi na mawili yenye nafasi sawa, akaiunganisha ncha kwa ncha, akatuweka watoto watatu tuishike: upande mmoja nafasi tatu, wa pili nne, wa tatu tano. Tukaambiwa tuvute mpaka ikaze. Kona iliyokaa kati ya tatu na nne ndiyo ikawa kona ya msingi. Fundi akaweka mraba wake wa chuma pale, ukakaa bila kuacha mwanya. Mwalimu akatufundisha kuhakiki: tatu mara tatu tisa, nne mara nne kumi na sita, jumla ishirini na tano, nayo ni tano mara tano. Miaka baadaye, sekondari, nilipokutana na kanuni ya Pythagoras imeandikwa kwa Kiingereza ubaoni na wenzangu wanaikariri kwa jasho, mimi nilikuwa nimekwisha kuishika kwa mikono. Darasa lile, mara ya mwisho nilipopita, lilikuwa bado limesimama.

Wako wengine, nami nawashukuru. Mkwawa, ilipokuwa bado shule ya kidato cha tano na sita, kabla haijawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, nilifundishwa na mama mmoja ambaye hakuruhusu mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kutamka ubaoni kwamba "hii ni rahisi". Alituambia kwamba asiyeiona atafunga mdomo siku hiyo, na hataufungua tena mpaka mtihani. Na Chuo cha Ualimu Kleruu, pale Iringa, mkufunzi wetu alikuwa na desturi yake. Akija kumkagua mwanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, anakaa dawati la nyuma, anachora ramani ya darasa, na kila mwanafunzi anapoulizwa swali anatia nukta kwenye kiti chake. Kipindi kikiisha anakukabidhi karatasi na kuondoka. Karatasi nyingi zilikuwa na nukta tele mbele na weupe mtupu nyuma. Mpaka leo nikiingia darasani naiona karatasi ile.

Sisi Wamoravian hatuna kisingizio katika hili. Jan Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592, alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo sisi tumechipuka kwake. Alikuwa mkimbizi, amefukuzwa kwao kwa ajili ya imani, na bado alitumia maisha yake kudai kwamba watoto wote wafundishwe, wa tajiri na wa maskini, wavulana na wasichana, mwepesi na mzito. Alikufa mwaka 1670 bila kuona kanisa lake likisimama tena. Lakini uaskofu ukapita mkono kwa mkono hadi kwa mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, aliyemwekea mikono seremala David Nitschmann mwaka 1735. Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilo wakafika Rungwe. Paulo alimwandikia Timotheo: "mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Tumekabidhiwa, wapendwa, na sisi tunatakiwa tukabidhi.

Sasa niseme lililo moyoni, na mnivumilie, maana nasema kwa upendo.

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, somo la hisabati linakuwa mkiani. Kwa miaka mingi sasa wanaofaulu hawajafika hata theluthi ya watahiniwa. Tunasikia, tunasikitika, tunasema "hesabu ni ngumu", tunaendelea na matangazo. Mimi nimekaa darasani muda mrefu, nawaambia mtoto hapotei siku ya mtihani. Anapotea darasa la nne kwenye sehemu, siku aliyoumwa au siku aliyochekwa alipojibu, na hakuna aliyerudi kumchukua. Hisabati haina huruma na pengo: asiyejua sehemu hawezi uwiano, asiyejua uwiano hawezi mlinganyo, na kila mwaka mwalimu mpya anajenga juu ya msingi ambao haupo. Kisha kidato cha kwanza, mtoto aliyejifunza pembetatu na kipeuo cha pili kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anayakuta mambo yale yale yamebadilishwa majina kwa Kiingereza, anadhani ni vitu vipya asivyovijua. Wengi wa wale tisini wa kijana wangu wako hapo. Wako Tarso, na hakuna aliyekwenda.

Wazazi, acheni kusema mbele ya mtoto, "Hata mimi hesabu zilinikataa, amerithi." Umemfungia mlango kwa mkono wako mwenyewe, na unacheka. Wewe mama unayeuza viazi soko la Mwanjelwa, unajua faida ya gunia kichwani kabla mteja hajamaliza kuuliza bei. Nani alikwambia huna kichwa cha hesabu? Mketishe mwanao pembeni ya gunia, mpe kazi ya kutafuta faida kwa ndoo, umsikilize anavyofikiri.

Walimu wenzangu, fimbo haijawahi kumwonyesha mtoto asili na kiasi. Najua mtaninukulia Mithali. Mithali ile inasema juu ya mwana anayehitaji kurudiwa. Haisemi neno juu ya mtoto asiyeelewa. Mtoto akipigwa kwa jibu baya, kitu anachojifunza haraka ni kutojibu.

Na wazee wa kanisa, hili ni letu sote. Kila mwaka mitihani ikikaribia tunawaita watahiniwa mbele, tunawawekea mikono, tunaomba kwa machozi. Ni vema, tuendelee. Lakini Februari tulikuwa wapi? Ni nani kati yetu aliyefungua daftari la mmoja wao mwezi wa tatu, akauliza, "Mwanangu, hapa ulikwama wapi?" Yakobo alituonya juu ya kumwambia mtu aliye uchi na njaa, "Enendeni zenu kwa amani," bila kumpa mahitaji ya mwili. Na ombi letu la mwezi wa kumi, kwa mtoto ambaye hatukumtafuta mwaka mzima, liko karibu sana na salamu ile.

Tunao watu. Usharikani petu kuna mafundi ujenzi wanaopima kona kwa tatu, nne, tano kila wiki. Kuna mafundi cherehani wanaogawa kitambaa bila kupoteza inchi. Kuna watunza hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa, kuna wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wanaokuja ibada ya kwanza na kuondoka bila kusalimiana na mtu. Kuna walimu wastaafu waliokaa nyumbani wakidhani kazi yao imekwisha. Barnaba hakuwa mtume kati ya wale kumi na wawili. Alikuwa Mlawi wa Kipro aliyeuza shamba lake, akawa na macho ya kuona mtu aliyeachwa. Hamhitaji cheti kukaa na mtoto mmoja, jioni moja kwa wiki, na kumwuliza amefikaje kwenye jibu lake. Msikilize hadi mwisho kabla hujamsahihisha. Mara nyingi utaona alikuwa amekosea hatua moja tu, na amekuwa akiitwa mjinga kwa hatua hiyo moja.

Na kama wewe ulitafutwa, mkumbuke aliyekutafuta. "Mwanafunzi na amshirikishe mkufunzi wake katika mema yote," Paulo aliwaambia Wagalatia. Mwalimu wangu wa Rungwe yuko hai, mzee sana, macho yamefifia. Kila nikienda kumsalimu ananiuliza swali lile lile: "Wako wangapi wanaokuja saa kumi?" Haulizi cheo changu.

Nimemwambia kijana wangu asiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Nimeomba kwa mkuu wa shule, na kuanzia Jumatatu tutaingia wote wawili kidato cha pili: yeye ataendelea na mada yake, mimi nitakaa na wale wa nyuma, tuanze na sehemu, kwa Kiswahili, halafu tuyavushe majina kwenda Kiingereza. Saa kumi darasa litabaki wazi kwa anayetaka. Sijui kama atakaa. Namwombea akae, nami naomba mmwombee pamoja nami kwa wiki hii yote, mkimtaja tu kama mwalimu kijana, Bwana anamjua.

Mstaafu yeyote wa hisabati au fizikia aliye karibu na mjini, na mwanachuo yeyote mwenye jioni moja, aniambie Jumapili baada ya ibada ya pili. Nitakuwa nimesimama mlangoni upande wa ofisi ya mchungaji. Chaki na daftari ziko, wanaohitajika ni watu wanne.

Someni nyumbani Matendo 9:26–31 na 11:19–26, msome pamoja na watoto.