Kuzoesha si kufuga

Swala aliyelelewa kwa chupa ya maziwa tangu azaliwe atakufuata kama kivuli. Watoto wake, wakikua bila kushikwa na mtu, watakukimbia. Kiswahili kinatumia "kufuga" kwa mnyama mmoja aliyetulia na kwa ukoo mzima uliobadilika, ndiyo maana tunachanganya mambo. Methali ya mtoto umleavyo inamtosha swala yule. Kwa mbwa au mbuzi lazima uulize pia kazaliwa na nani.

Mwaka 1959, karibu na Novosibirsk nchini Urusi, wanasayansi Dmitri Belyaev na Lyudmila Trut walianza jaribio la kuchagua mbweha watulivu kizazi baada ya kizazi, wakiwa na majike 100 na madume 30 kutoka shamba linalofuga mbweha kwa ajili ya manyoya. Kuanzia umri wa mwezi mmoja, mtoto wa mbweha alipewa chakula kwa mkono huku mtu akijaribu kumpapasa. Anayeng'ata au kurudi nyuma alipata alama ya chini. Hawakufundishwa lolote na hawakuzoeshwa watu, ili utulivu utokane na damu. Walioruhusiwa kuzaa walikuwa wachache mno: takriban 20% ya majike na 5% ya madume. Kizazi cha 6 kikatoa mbweha wanaotikisa mkia na kulialia wakitaka kushikwa. Baadaye yakaonekana madoa meupe, masikio yaliyolegea na mikia iliyojikunja, wakati kilichochaguliwa ni tabia tu. Hapa tuwe waangalifu: ukoo wa mbweha hao ulitoka mashamba ya Kanada, na baadhi ya alama hizo zilikuwepo tayari kabla ya jaribio.

Kwangu jambo zito kuliko masikio ni muda. Mbweha wa kawaida huanza kuogopa vitu vigeni akiwa na wiki 6 hivi. Wale waliochaguliwa walichelewa hadi wiki ya 9 au zaidi. Ufugaji umeurefusha utoto, na mlango wa urafiki ukakaa wazi zaidi. Kwa mbwa mlango huo ni wiki ya 3 hadi ya 12 au 14, kwa paka wiki ya 2 hadi ya 7. Wengi humfungia mtoto wa mbwa ndani mpaka chanjo zote ziishe, akitoka ana miezi minne na mlango umeshafungwa. Mbebe mikononi aone watu na kusikia kelele. Mguse miguu, masikio na mdomo dakika chache kila siku, na umwache akianza kujikunyata.

Ufugaji umebadilisha miili pia, na deni letu kubwa zaidi, naona, liko kwa kuku. Kuku mwitu mwekundu wa Asia hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Kuku wa mayai wa leo hukaribia 300. Kila ganda lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Chakula kisipotosha, kuku huitoa kwenye mifupa yake, na mfupa wa kidari huvunjika huku akiendelea kutaga. Chakula cha wanaotaga kiwe na kalsiamu 3.5% hadi 4%, lakini usiwape vifaranga, kwa kuwa kiwango hicho huharibu figo zao. Ganda hujengwa zaidi usiku, kwa hiyo weka vipande vikubwa vya makombe ya baharini kwenye chombo cha peke yake jioni: huyeyuka polepole tumboni, na kila kuku hudonoa kadiri anavyohitaji.