Walicheka, na mimi nikacheka

Wiki ya tatu hii tangu nitue Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na kile kicheko bado kiko masikioni.

Tulikuwa kwenye kilio, msibani, huko Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, usiku, moto unawaka uani. Mzee mmoja akasimama aseme. Nilimtambua kabla hajafungua kinywa: yule mume mbishi wa kwenye televisheni, zama za Mufwankolo na kundi lake la michezo ya kuchekesha, mtaa mzima ukibanana mbele ya seti moja. Jina lake la kweli silijui hata leo. Tulijua la mchezo tu, na sokoni mkewe naye aliitwa kwa hilohilo.

"Bandugu, minatoka Katuba na mikulu," akasema. "Franka ya bisi hakuna." Yaani katembea kwa miguu toka mtaa mwingine, nauli ya basi hana.

Watu wakaangua kicheko. Akapandisha suruali: mguu umevimba kweli. Wakazidi. Kijana mmoja akatoa simu. "Angalia vile anafanya, uyu mzee anaweza!" Mzee akangoja, kama alivyozoea kungoja kicheko kipite ndipo atupe neno linalofuata. Neno halikuja. Akakaa.

Nami nilicheka. Miaka 19 nimekaa Liège, Ubelgiji, nikiwahadithia watu michezo yake mpaka wakanichoka.

Nilimfuata kando, nikamwita papa, nikampa ya bisi. Akaniambia teatre haikumlisha hata siku moja. Mchana alikuwa mtu wa kampuni, jioni mazoezi. Hakukuwa na maandishi, mnapatana kisa, kisha kila mmoja anatafuta maneno yake palepale. Kampuni ilipompunguza kazini, akabaki na jina la mchezo. Na kanda? Kituo kilirekodi mpira juu yake. Hilo alilisema akicheka, yeye peke yake safari hii.

Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilitunga mchezo juu ya usemi kwamba madaraka huliwa mazima. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, aliwafuata toka mazoezi hadi siku ya kurekodi kijijini Kawama, akawaandikia kitabu. Kiko kwa Kiingereza. Basi ukitaka kujua baba zetu walichekesha vipi, jifunze Kiingereza kwanza.

Kesho yake nikapita jengo la 30 Juni, ambalo marehemu baba aliliita teatre mpaka anakufa. Mle sasa ndimo wanamokaa wabunge wa mkoa. Mazima, kama walivyosema wazee. Aliyelichora miaka ya 1950, Claude Strebelle, ndiye baadaye aliyepanga upya uwanja wa Saint-Lambert, pale Liège nilipokuwa nikingojea basi kwenye baridi. Nimeishi kwenye michoro ya mtu mmoja huku na huko, na kote sikuwahi kukalia kiti cha mbele.

Wewe unayejiandaa kurudi: beba noti ndogondogo, na usiulize "fulani yuko wapi" mbele ya watu, utajibiwa kwa ishara ya kidole chini. Bukari, ugali wetu, bado ni tamu, hilo halina shida. Wachekeshaji wa sasa wako kwenye simu, dakika moja moja, na wengine wanaweza kweli, sibishi.

Asubuhi mpwa wangu akaniletea simu yake. "Yaya, ona hii." Video ya kilio, imetiwa muziki. Mzee anapandisha suruali. Nyuma yake, upande wa kulia, meno yangu yote yako nje.