Jinsi nilivyompata Mzee wa karabai azungumze

Nimemaliza dokumentari ya dakika 41 kuhusu maisha ya mzee mmoja wa Ujiji ambaye tangu ujanani huunda sanamu kwa karabai mbovu za wavuvi. Nina furaha isiyo kifani, na nina uchungu pia, kwa sababu ushauri wa kwanza niliopewa nusura uiue kazi yote.

Mtu aliyenizidi uzoefu wa kamera alinielekeza nimkalishe mzee kitini, nyuma yake nitundike pazia jeusi, kisha nimwulize maswali kwa mpangilio tangu kuzaliwa. Nilifanya hivyo asubuhi mbili. Mzee, ambaye karakanani kwake huzungumza mpaka chai ikapoa, alikaa wima kama shahidi mahakamani. "Nilizaliwa hapahapa. Nikasoma kidogo. Nikaacha." Nilipomwuliza kwa nini hakuchora wanyama kama wenzake waliowauzia watalii, alijibu, "Sikupenda, mjukuu wangu," akanyamaza.

Siku ya tatu niliondoa pazia, nikamwamkia, nikampakatisha karabai kuukuu yenye tangi lililobonyea, bila kuuliza neno. Aliipapasa, akakung'uta masizi, akaanza kuilegeza pampu kwa ukucha wa kidole gumba, na kadiri pampu ilivyolegea ndivyo maneno yalivyomtoka. Alisimulia usiku alipotundika karabai 12 zisizo na moto kwenye mwembe, majirani wakadhani ni uganga, na mkewe akarudi kwao wiki nzima. Alimkumbuka mwalimu aliyemwambia kwamba hakuna jipya hapo, kwani msanii Mfaransa Marcel Duchamp alikwisha kupeleka chombo cha kukojolea, kama kazi ya sanaa, kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917. Mzee alimjibu kwamba chombo hicho hakijawahi kukesha ziwani kikimtafutia mtu riziki. Katika saa zile mbili sikumkatiza hata mara moja, na swali langu pekee, lililosikika mwishoni, nimelikata.

Sauti ilinisumbua kuliko picha, maana injini za mitumbwi ya Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hazisikilizi mtu. Nilisubiri mbalamwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na ufuko hutulia. Upepo wa Tanganyika niliuzuia kwa kukiviringishia kipaza sauti kipande cha blanketi la manyoya, na anayerekodi kando ya ziwa asithubutu kukiacha kitupu. Gharama, ukiacha kamera niliyoazima, haikufika laki tatu, nyingi zikiwa za bodaboda.

Nilimwonyesha filamu uani kwake, kwenye shuka jeupe. Ilipofika sehemu ya ukucha na pampu aliniomba nirudishe nyuma, akaitazama mikono yake tena, kisha akamwita mkewe atoke jikoni aje aone.