Tairi la ndani ndilo linalonilisha: siku yangu moja Tabora

Saa 11:30 alfajiri

Watu wananisifu kwamba nadamka mapema. Si bidii. Tairi linasema ukweli likiwa baridi tu, na Tabora mwezi wa Oktoba ubaridi unakwisha kabla hujamaliza kuvaa viatu. Ukipima upepo saa 6 mchana baada ya gari kutembea, geji itakusomea 135 au 140, na dereva atakuambia "punguza, fundi, litapasuka." Ukipunguza umemuua. Upepo umepanda kwa joto, na likipoa utabaki na tairi la upepo 100 linalotakiwa kuwa na 120. Kesho yake linaanza safari likiwa laini tayari.

Kwa hiyo alfajiri hii niko kwenye maegesho ya malori, barabara ya kwenda Urambo, tochi mdomoni na geji mkononi. Semi 4 zimelala. Moja ina saruji ya kwenda Kigoma, mbili zimebeba mbolea ya wakulima wa tumbaku, na ya 4 inarudi tupu. Utingo wa ile ya saruji ameshatangulia, anazunguka gari na rungu, anagonga tairi moja moja na kutega sikio kama daktari.

"Mwangaluka," namsalimu.

Anacheka. Mchaga huyo, Kinyamwezi hakijui. "Zote nzima, fundi. Nimezigonga."

Nimebishana na hilo rungu miaka 11 na bado linanishinda. Rungu linakuambia tairi limekufa, basi. Tairi lenye 120 na lenye 80 yanalia sauti moja, hata ukiwa na sikio la popo. Mbaya zaidi, rungu linagonga tairi la nje. La ndani, lile pacha lake lililofungwa nyuma yake kwenye ekseli hiyo hiyo, halifikiwi na rungu wala macho. Nikapima yake yote 12 ya tela kwa geji. Mawili ya ndani yalikuwa na 100 tu. Nikayajaza na kumtoza elfu 4. Alilipa kwa shingo upande, maana kwake "hayakuwa na tatizo."

Saa 1:15 asubuhi

Chai na viazi vya kuchemsha bandani. Banda langu ni mabati 6 na nusu kontena, kompresa moja ya umeme, moja ndogo ya petroli, na tairi bovu limesimamishwa barabarani limeandikwa PANCHA UPEPO kwa chokaa. Nina vijana wawili. Mkubwa ana mkono. Mdogo ana nguvu, na leo nguvu zimemponza.

Fuso ya mbao imekuja na pancha upande wa kushoto. Dogo kavisha bomba kwenye spana, kapanda juu, karuka. Nati haiendi. Karuka tena. Tak! Stadi, ile bolti inayoshika nati, imekatika. Nilikuwa nimemwambia wiki iliyopita: magari mengi ya Kijapani ya namna hii, kushoto nati zinafunguka kinyume. Kulia unafungua kama kawaida, kushoto unafungua kwa kuelekea upande wa kukazia. Yeye alikuwa anakaza kwa uzito wa mwili wake wote. Stadi nimenunua mimi, na mchana wake dogo hakuomba hela ya soda.

Saa 3:00

Pancha za kawaida. Supa singo, lile tairi moja pana linalokaa mahali pa mapacha, ya tela la mafuta inavuja polepole siku 3 na hakuna anayeona msumari. Tumeipaka maji ya sabuni mzunguko mzima. Unangoja. Kwanza hakuna kitu, halafu kwenye mdomo wa tairi, pale linapokaa kwenye rimu, kunatokea povu dogo kama la mtoto anayenyonya. Kutu ya rimu. Hakuna kiraka cha kutu: tairi linatolewa, rimu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, linarudishwa.

Halafu jamaa kaleta tairi alilouziwa Dar kama jipya. Kashata, yale meno ya tairi, zimesimama, jeusi linameta. Nikamsomesha namba 4 zilizo ubavuni ndani ya duara refu: 3514. Wiki ya 35, mwaka 2014. Wanalipaka dawa ya kung'arisha, basi linaonekana bichi, lakini ukilikunja mdomo unaona nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mguu wa kiangazi. Kakaa kimya muda mrefu. Tairi jipya la semi linakaribia bei ya ng'ombe, na huyu alikuwa amelipa ng'ombe akapewa ngozi.

Saa 5:20

Simu. Semi ya mbolea, mojawapo ya zile za alfajiri, imepasua tairi kabla ya kufika Ndono, kama kilomita 35 kutoka hapa. Alfajiri nilimwambia dereva wake nimpimie, akasema wanachelewa foleni ya kushusha kwenye chama cha msingi. Sikumkumbusha. Mtu mwenye tairi lililopasuka juani ameshakumbuka mwenyewe.

Tukapakia toyo, pikipiki yetu ya magurudumu matatu: kompresa ya petroli, jeki mbili, mitaimbo, nyundo, mnyororo, galoni la maji. Kijana mkubwa akaendesha.

Saa 6:40 mchana

Matawi ya miti tumeanza kuyaona mita mia mbili kabla ya gari, yamelazwa leni nzima ya kushoto. Hiyo ndiyo pembetatu yetu. Walau hawakuweka mawe. Madereva wanaweka mawe, wakipona wanaondoka na kuyaacha, usiku bodaboda anayakuta.

Tela lina ekseli 3, tairi 12. Lililopasuka ni la ekseli ya kati kushoto, la nje. Ubavu umefunguka kutoka mwanzo hadi mwisho, waya zimetoka nje kama mswaki uliotafunwa. Kila mtu pale ana mshitakiwa wake. Dereva anasema joto la lami. Utingo anasema tairi za Kichina. Mzee mmoja wa baiskeli aliyesimama kutazama anasema wamezidisha mzigo. Tairi za Kichina nimezifunga nyingi zikamaliza kashata zote bila kulalamika, na mzigo huu ulipita mizani.

Mimi niliinama nikaingiza mkono nyuma, kwa jirani. Tairi la ndani. Limesimama, halina jeraha, ukilitazama utasema shujaa limebeba peke yake. Mkono haukukaa juu yake hata sekunde moja, lilikuwa la moto kama sufuria. Nikachomeka geji: 35.

Hesabu yake ni rahisi. Ekseli 3 zinabeba tani 24, gawa kwa 12, kila tairi tani 2. Ukimtoa mmoja katika mapacha, mwenzake hapati msaada kwa tairi la ekseli nyingine, anapewa zile tani 2 za ndugu yake juu ya zake. Tairi la nje limetembea na karibu tani 4 tangu Tabora, labda tangu jana. Ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, mpira unaachana na waya, mwisho unafunguka. Lililopasuka ndilo lililokuwa likifanya kazi. La kulaumiwa lilikuwa limekaa kimya ndani na msumari wake wa mbao, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho.

"Basi hili la ndani lizibe pancha, tuweke spea nje, tuondoke," dereva akasema. "Si zima?"

Hapa ndipo tulipopotezea nusu saa. Tumelitoa kwenye rimu, nikamwita dereva aje aone mwenyewe. Nilipoliinamisha, ndani yake kulimwagika unga mweusi wa chembechembe, kama majani ya chai. Nikampa kiganjani. Huo ni mpira wa ndani uliosagika kwa kukunjana bila upepo. Nikampitisha kidole ubavuni kwa ndani: kuna mstari mzunguko mzima, mpira umelainika, umebadilika rangi. Nje lina sura ya tairi. Ndani waya zimeshakatika, hujui ngapi.

Tairi lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake huwa silijazi kabla ya kulifungua na kulikagua. Hili lilikuwa chini ya asilimia 30. Ukilijaza, upepo ukifika 60, 70, unasikia ndani tik... tik... kama mahindi ya bisi yanaanza. Hizo ni waya. Kabla hujaelewa, ubavu unafunguka kama zipu, na aliyesimama mbele yake anaondoka nao. Fundi mwenzangu mmoja aliusikia huo mlio akainama kusikiliza vizuri. Leo mkono wake haunyooki.

Dereva akampigia bosi. Bosi akataka kuongea na mimi.

"Fundi, jaza twende. Hiyo spea ni moja, nyingine sina."

"Bosi, silijazi."

"Nakulipa wewe au sikulipi?"

"Hunilipi kwa kujaza hili. Atafute mwingine."

Kimya. Halafu akauliza bei ya tairi langu la mitumba. Nimeona mabosi wengi, na huyu si mbaya. Wengi wanakata simu.

Saa 8:00

Kijana akarudi na toyo mjini. Mimi na dereva tukakaa chini ya mwembe, na maembe ndiyo yameanza kuiva. Akaniambia ana miaka 16 barabarani, amekwenda mpaka Kolwezi, Kongo, na hakuna aliyewahi kumfundisha kupima tairi la ndani. "Mkono haufiki, fundi." Hilo ni kweli, na si kosa lake. Aliyefunga magurudumu yale alizilaza valvu zote mbili upande mmoja, ya ndani ikajificha nyuma ya chuma. Ukifunga, valvu ya ndani ielekee mashariki ya nje ikiwa magharibi, kila moja kwenye tundu lake. Kazi ya sekunde 5. Asipoifanya fundi, dereva hatapima, hata awe mtu wa swala tano.

Wakati tunangoja nikazungusha gurudumu nikiwa nimelipandisha kwa jeki, kuona kama breki imeshika. Haikushika. Beringi haina mchezo.

Saa 9:30 alasiri

Tairi la mitumba limefika. Kabla ya kulifunga nimeliegemeza kwa spea, nikalaza mtaimbo juu ya yote mawili kuona kama yamelingana urefu. Mapacha wasiolingana ni ugomvi: mrefu anabeba, mfupi anaburuzwa. Kwa tairi kubwa hizi nakubali tofauti ya nusu inchi kwa kipenyo, zaidi ya hapo nakataa. Haya yalipishana kidogo sana.

Nimeyapitishia mnyororo, nikayalaza chini ya tela ubavu ukiwa chini, nikajaza kwa mpira mrefu nikiwa nimesimama upande wa kashata, utingo nikamfukuza mbali. Kompresa yangu ndogo ilichoka kwenye 90, tukamalizia kwa upepo wa tangi la breki la kichwa cha lori, injini ikiunguruma. 120, na 120.

Nati 10. Uso wa rimu na habu tukausugua kutu kwanza, maana kutu ikisagika barabarani nati zinalegea zenyewe. Tunakaza kwa kuvuka, juu halafu chini, kulia halafu kushoto, si kwa kuzunguka kama saa.

"Ukifika Urambo, simama," nikamwambia dereva. "Ni kama kilomita 50. Kaza nati tena, pima yote mawili. Yatakuwa yamepanda kwa joto, usipunguze."

"Sawa, fundi."

Utingo akaburuta matawi porini. Nilisubiri mpaka la mwisho.

Saa 11:10 jioni

Nimemkuta bandani babu anayeshona katambuga, vile viatu vya tairi. Kila nikitoka kwenye tairi lililopasuka ananikuta yeye, sijui nani anampa habari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeniletea?"

Nimemwonyesha. Kalibonyeza, kalikwaruza kwa kisu, kalisukuma. Haya ya waya yanakula visu vyake. Anataka yale ya zamani ya nyuzi, na hayo siku hizi yanapatikana kwa nadra. Kaondoka na kipande cha tyubu cha kukatia kamba za baiskeli, na michembe ya viazi vitamu mfukoni aliyoipata kwa kijana wangu.

Saa 12:50 magharibi

Nanawa mikono kwa omo, na bado ugali utakuwa na harufu ya mpira. Simu inaita.

"Fundi, niko Urambo. Nimekaza. Nati mbili zimekubali robo."

"Vizuri sana. Upepo je?"

"Ina 128. Sijapunguza."

"Hiyo ni la nje. La ndani?"

Kimya. Nikasikia mlango wa kichwa unafunguliwa.