Kikombe cha Derby na kisahani cha seti nyingine

Juzi mtoto wa kaka yangu kasimama mbele ya kabati: "Shangazi, mbona hapa vikombe viwili vina kisahani kimoja?"

Ndivyo vilivyouzwa. Kuanzia miaka ya 1780 hadi ya 1820 hivi, seti ya Uingereza ilikuwa kikombe cha chai, kikombe cha kahawa na kisahani kimoja cha kupokezana, kwani hakuna anywaye vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu vikombe vya kahawa vya enzi ile, vile vya kuta wima, kimo na upana karibu sentimita 6, vimejaa sokoni bila visahani.

Nikakumbuka Portobello Road, soko la vitu vya kale la London, Jumamosi moja ya baridi, watalii hawajafika. Kwenye meza ya mama mmoja wa makamo kulikuwa na kikombe cha kahawa cha Derby, kiwanda cha kauri cha Uingereza, chenye mapambo ya Imari (mtindo wa Kijapani wa buluu, nyekundu na dhahabu), pamoja na kisahani, bei ya "jozi kamili". Chini ya kila kimoja palikuwa na taji, fimbo mbili zilizopishana, vitone sita na herufi D, kwa rangi nyekundu: alama ya robo ya kwanza ya karne ya 19.

Alama huigwa, sikukaa nayo. Katika Imari, buluu hupakwa kabla ya tabaka la kioo linaloifunika kauri, kwa hiyo kidole hakiihisi. Nyekundu na dhahabu huja juu yake na kuchomwa tena kwa moto mdogo zaidi. Hizo utazigusa, na ndizo zinazochakaa. Kikombe kilikuwa kimechakaa pale midomo inapogusa, kama inavyotakiwa. Kisahani kilikuwa na duara la msuguo katikati, pana kuliko kitako cha kikombe. Hilo si ushahidi, maana visahani vile havina kibonde cha kukishika kikombe, na duara hilo lingeweza kuachwa na kikombe cha chai cha seti hiyohiyo. Kilichokikataa kisahani ni rangi. Nyekundu yake ilielekea kahawia, ya kikombe ilielekea machungwa, na majani yalichorwa kwa mkono mwingine kabisa.

Halafu sikio la kikombe. Lilikuwa zuri mno, bila mkwaruzo hata mmoja. Nikakigonga kikombe kwa ukucha: kauri nzima hulia, hiki kilikohoa. Nikakifunika kwa koti, nikawasha tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Kuzunguka maungio mawili ya sikio pakang'aa doa jeupe la maziwa, likitambaa hadi ubavuni mwa kikombe. Fundi wa kukarabati hupaka rangi hadi kupita ufa kwa mbali ili kuuficha, na kwa kufanya hivyo hufunika kauri nyingi nzima. Bado nikataka hakika. Nikaligusisha sikio kwenye jino. Kioo cha zamani ni baridi, kigumu, kinatoa mlio mdogo. Rangi ya fundi ni vuguvugu na jino linaiona laini. Mwenye meza alikuwa ananitazama nikiuma bidhaa yake.

"Sikio limegundishwa, mama. Na kisahani si cha kikombe hiki."

La sikio hakubisha. La kisahani alinijibu: "Visahani vilivunjika hata wakati ule, na watu waliagiza vingine. Utajuaje kama havikukaa meza moja tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu la maana, na mpaka leo sinalo. Tukapatana bei, akapunguza theluthi, nikavichukua vyote viwili.

Kikombe cha namna hii hakishikwi sikio. Kinabebwa kwa kiganja chini. Maji ya moto hulegeza gundi za zamani, basi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu ndani ya beseni la plastiki, taulo chini, kimoja kimoja. Mashine ya kuoshea vyombo itaondoka na dhahabu. Mistari ya kahawia iliyoingia kwenye ufa usiitie dawa ya klorini: chumvi zake hubaki ndani ya kauri na baadaye huinua tabaka la juu.

Chini ya kisahani nimeweka karatasi: sikio limegundishwa, kisahani cha seti nyingine. Atakayevinunua baada yangu akitaka kuvitenganisha, shauri yake.