Kiwanja cha Bei Chee Kule Mlimani

Picha ndiyo iliyoniponza. Kaka yangu alinitumia kwa WhatsApp kiwanja kimoja kwenye mteremko wa mlima Loleza, jiji la Mbeya limelala chini, ukungu wa asubuhi umetanda kuelekea Uyole. Kikubwa, bei chee. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hapa Reading, Uingereza, na sikuuliza hata swali moja la maana. Nikatuma hela.

Fuso ya tofali inaishia bondeni. Kutoka hapo vijana hubeba kichwani, kwa hiyo kila tofali nimelilipia mara mbili: kulinunua na kulipandisha. Maji ni ya madumu. Wakati wa kifuku hata bodaboda wanakataa kupanda. Banda la uani lilipokamilika alikuja mama mmoja kutaka kupanga, ana watoto wawili. Akauliza shule iko wapi. Alipoonyeshwa, akashukuru na kwenda zake.

Kuondoka kwa yule mama kuliniuma, kwa sababu swali lake ndilo wanaloanza nalo watu wote hapa ninapoishi. Shule nyingi za serikali Uingereza, nafasi zikiwa chache, humpa kipaumbele mtoto anayekaa karibu. Umbali unapimwa kwa makini. Hivyo nyumba mbili za ramani moja, mitaa miwili tofauti, bei haziko karibu kabisa. Usafiri nao ni vilevile. Reli ya Elizabeth, inayotoka hapa Reading kupita katikati ya London hadi Abbey Wood, kipande chake cha katikati ya London kilitarajiwa kufunguliwa Desemba 2018, kikafunguliwa Mei 2022. Madalali hawakuisubiri. Waliitaja kwenye matangazo ya nyumba miaka kabla, na watu walilipia treni ambayo haijafika.

Tofauti ni kwamba huku bei ya nyumba iliyouzwa si siri. Kwa England na Wales, mauzo tangu 1995 yako wazi, unafungua intaneti unasoma mtaa mzima. Kwetu bei iko mdomoni mwa dalali, na dalali akijua uko Ulaya, bei inapanda kabla hujasema shikamoo.

Ila mambo yanayopandisha thamani Mbeya yanaonekana kwa macho, ukitaka kuyaona. Jirani na chuo cha MUST, kule Ikuti, mwenye vyumba vinne anapangisha wanafunzi, na hilo tu linatosha kubadili bei ya kiwanja cha jirani. Na sasa barabara kuu ya Tunduma inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Ndugu zangu mlioko nje, najua mnapigiwa simu za viwanja vya kando ya lami. Tafadhalini, ulizeni kwanza hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nimeona nyumba nzuri zenye alama nyekundu ya X ukutani, na mzee amekaa kibarazani anaitazama. Halafu kuna malori ya Zambia na Kongo, usiku kucha. Karibu na barabara ni mali; juu ya barabara ni balaa.

Safari hii tunatafuta upande wa Isyesye, na nimemwomba kaka asinitumie picha. Nimemwomba atembee, siku ya mvua, akiwa na saa.

Jumanne alinipigia. Nilisikia matone yakigonga mwavuli.

“Mdogo wangu, bajaji imenifikisha hadi kwenye kona ya kiwanja, haijakwama. Shule ya msingi ni dakika kumi na mbili kwa mguu wangu huu wa kizee. Bomba la jirani linatoa maji.”

Nikamwambia, “Kaka, rudi Jumamosi uone kama bado linatoa.”

“Ndaga, asante,” akasema. “Nitarudi.”